Viazi vya dalia vilivyosahaulika kwenye mfuko: maswali yenu na majibu yangu

Mwezi huu barua zinafanana. Kuna mfuko wa viazi vya dalia, lile ua linalooteshwa kwa viazi vyake vya ardhini, umesahaulika mahali, na mwenye mfuko anataka ruhusa ya kuutupa. Ruhusa hiyo siitoi kirahisi. Nalima dalia kwenye kibustani cha kukodi hapa Uingereza mwaka wa kumi na mbili sasa, na vitanda vyangu viwili vya mwisho huvijaza mwishoni mwa Juni kila mwaka, kwa sababu ndipo kitunguu saumu kinapotoka ardhini. Vitanda hivyo havijawahi kunikosesha maua ya kuweka mezani.

Shikamoo mama. Nilinunua viazi vya dalia mwezi wa tatu nikaviweka kwenye kabati chini ya ngazi. Nimevikumbuka leo, tarehe 26 Juni. Vimenywea kama tangawizi ya zamani. Nivitupe? (Msomaji, Leicester)

Marahaba mwanangu. Usitupe. Kiazi kilichonywea bado kina akiba yake. Kilichokufa ni kile ukikibonyeza kinatoa maji, au kilichokauka mpaka kikawa chepesi kama kizibo. Viloweke saa moja kwenye maji ya uvuguvugu, kisha tafuta jicho. Jicho la dalia haliko mwilini mwa kiazi kama la kiazi mbatata. Liko juu kabisa, pale shingo inapoungana na kipande cha shina la mwaka jana: kinundu kama kichwa cha njiti ya kiberiti, mara nyingi chenye wekundu kidogo. Kiazi kinene kisicho na kipande hicho cha shina hakioti hata ungekipanda mapema namna gani. Chembamba kama kidole, kikiwa na jicho, kitakupa kichaka kinachokufika kifuani.

Ukishaliona jicho, hesabu siku zilizobaki. Dalia za maua madogo na ya wastani huchukua wiki 8 hadi 12 tangu kupandwa mpaka ua la kwanza. Ukipanda leo, wiki 12 zinaishia tarehe 18 Septemba. Jalidi, ile baridi ya usiku inayoacha weupe juu ya nyasi (wengine tunaiita sakitu), upande wenu mara nyingi haiji kabla ya nusu ya pili ya Oktoba. Una mwezi wa maua, pengine zaidi. Yale makubwa kama sahani ya wali yanataka karibu miezi minne. Hayo yapande kwenye chungu na uyahesabu kuwa ya mwakani. Mwaka wa kuchelewa mimi huitegemea Bishop of Llandaff, dalia nyekundu yenye majani meusi iliyotolewa Cardiff mwaka 1924. Ua lake si kubwa, ndiyo maana linawahi.

Chimba sentimita 10 hadi 15, kilaze kiazi ubavu, jicho likitazama juu, na uchomeke kijiti cha kuegemeza siku hiyohiyo. Ukikichomeka Agosti utakitoboa kiazi usichokiona.

Nimepanda wiki mbili zilizopita. Kwa kuwa nilichelewa namwagilia kila asubuhi ili kiwahi, lakini juu ya udongo hakuna kitu. (Msomaji, Bristol)

Weka ndoo chini, tafadhali, leo hii. Hili ndilo kosa linaloua dalia za kuchelewa kuliko kuchelewa kwenyewe, na nakuandikia nikiwa nalijua kwa mikono yangu. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda viazi sita mwezi wa saba, nikavimwagilia kwa huruma asubuhi na jioni. Baada ya wiki tatu nikafukua kwa vidole. Cha kwanza kilikatika mkononi bila sauti. Ndani kulikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa na harufu ya muhogo uliolowekwa siku nne. Vitano vilikuwa hivyo. Kimoja kilichokuwa chini ya ukingo wa paa la banda, ambako ndoo haikufika vizuri, kilikuwa na chipukizi jeupe la urefu wa ukucha.

Kiazi ambacho hakijatoa mizizi hakina mdomo wa kunywea. Maji ya kuanzia maisha kimeyabeba tumboni. Unachomwaga juu yake kinakaa tu, na kwenye udongo wa joto wa Julai uozo unakwenda mbio. Shika udongo wa kina cha kidole, uufinyange: ukishikamana kidogo, unatosha. Kama ardhi imekuwa vumbi kabisa, lowesha shimo kabla ya kupanda, acha maji yazame, ndipo ulaze kiazi. Baada ya hapo usimwagilie mpaka uone majani. Yakifika urefu wa kiganja, sasa mwagilia kwa wingi, mara mbili au tatu kwa wiki, maji yazame chini kabisa.

Wiki mbili bado ni mapema. Vingine hutokeza wiki ya nne. Fukua kimoja taratibu pembeni uone hali. Chipukizi likitoka, linda usiku ule wa kwanza dhidi ya konokono wasio na gamba. Wanaweza kulila lote hadi usawa wa ardhi kabla hujaamka, nawe ukadhani halikuota kamwe.

Nipo Minneapolis. Nimepanda tarehe 5 Julai na huku jalidi inaweza kuja mwanzoni mwa Oktoba. Kila ninapouliza naambiwa nikate kilele. Nikate?

Mwaka huu usikate. Kukata kilele mche unapokuwa na jozi tatu au nne za majani ni ushauri mzuri kwa aliyepanda Mei: mche unatanuka, unatoa matawi mengi, na maua yanakuwa mengi. Lakini bei yake ni muda, wiki mbili hivi za kungoja, na wewe muda huo huna. Siku 90 za kungoja ua la kwanza kutoka tarehe yako zinaishia Oktoba 3. Acha shina la kati lipande lenyewe likupe ua lake.

Kinachokusaidia ni ardhi. Aliyepanda kwenu katikati ya Mei amelaza kiazi kwenye udongo wa baridi, kikakaa kimya wiki nyingi. Dalia inapenda udongo usiopungua nyuzi 15 za selsiasi. Chako kimeingia kitanda chenye joto. Tena siku zinapoanza kufupika baada ya Juni, dalia husukumwa kuchanua zaidi. Ndiyo maana pengo la wiki sita wakati wa kupanda huonekana kama la wiki mbili wakati wa maua.

Matumba yakitokea kwa mafungu ya matatu, toa mawili ya pembeni yangali kama punje ya njegere, la kati lipate nguvu zote. Na usiku wa kwanza wa jalidi, funika mche kwa shuka kuukuu jioni, ufunue asubuhi. Mara nyingi baada ya usiku huo mmoja au miwili huja wiki nzima ya jua zuri, na ni uchungu kuona majirani wakichuma wakati yako yamekuwa meusi kwa kukosa shuka.

Mbolea gani inaharakisha?

Hakuna ya kuharakisha. Samadi mbichi na mbolea yenye naitrojeni nyingi zitakupa majani mapana ya kijani na viazi vinavyooza ghalani. Ngoja matumba yaonekane, kisha tumia ile mbolea ya maji ya kulishia minyanya, yenye potasiamu, kila baada ya wiki mbili.

Shikamoo mama. Mimi niko Limuru, mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Nilikosa mwanzo wa mvua za Machi, nikapanda mwisho wa Mei. Mimea ni mifupi na imeanza kuchanua ikiwa magotini. Nimekosea nini?

Marahaba, na nimefurahi sana kupata swali la nyumbani. Hujakosea. Dalia ni mtoto wa milima ya Meksiko na Guatemala, na Meksiko ililitangaza kuwa ua la taifa mwaka 1963. Kwa mwinuko wako wa zaidi ya mita 2,000, na usiku wa ubaridi, hali yako iko karibu na ya kwao kuliko yangu. Tofauti ni mchana. Kwao msimu wa mvua ndio wenye siku ndefu. Huku kwangu Juni jua halitui mpaka saa tatu usiku, mche unapata nafasi ya kurefuka. Mchana wa saa kumi na mbili unauambia mche kwamba mwaka unaisha: chanua haraka, kisha weka akiba kwenye viazi. Wakulima wa maua ya biashara huwasha taa usiku kulidanganya ua, lakini kwa bustani ya nyumbani sikushauri.

Wewe ndiye ukate kilele, tena mapema, na uondoe tumba la kwanza ingawa roho inauma. Nguvu irudi kwenye matawi. Tatizo lako la kweli ni Juni na Julai: ukungu, manyunyu, ardhi ya baridi isiyokauka. Inua tuta sentimita 20. Viazi vilivyobaki visiingie ardhini sasa. Vioteshe kwenye makopo yaliyotobolewa chini ya upenu, uvihamishe mvua za Oktoba zikianza.

Na Dar es Salaam?

Usiku wa Dar una joto mno kwa dalia. Panda zinia, ndugu yake aliyetoka Meksiko vilevile. Ataipenda Dar.

Kama jalidi ikiwahi kabla ya ua hata moja, si nimepoteza mwaka na pesa? (Msomaji, Leeds)

Hapana, na hili ndilo nililotaka kulifikia. Hata mche usiochanua umekuwa ukifanya kazi chini. Mchana unapofupika kufikia saa kumi na mbili, mwishoni mwa Septemba, dalia hugeuza sukari yake kuwa viazi. Ulipanda kimoja, unaweza kuchimba vitano.

Jalidi ikiyachoma majani, kata shina libaki sentimita 15, usubiri wiki moja, macho yaanze kuvimba shingoni. Chimba kwa uma wa bustani mbali na shina, nusu mita hivi, uinue bonge lote kutoka chini. Usilivute kwa shina. Shingo ya dalia ni dhaifu, na kiazi kilichovunjika shingo hakina maana tena. Ligeuze kichwa chini siku mbili maji ya shina yatoke, kisha lifunike kwa maranda yasiyolowa ndani ya boksi, mahali penye nyuzi 4 hadi 10. Fungua kila mwezi. Kinachonywea, kinyunyizie maji kidogo. Kinacholainika, kitoe kabla hakijaambukiza wenzake.

Na andika jina na rangi juu ya kiazi chenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika, siku unayokitoa ardhini. Vikikauka vyote vinafanana.