Kiyoyozi hakitengenezi baridi: jibu kwa ndugu wa Gulu

Ndugu uliyeuliza kutoka Gulu, umeeleza kwamba chumba chako cha kulala kina mita 4 kwa 3.5, kwamba dukani wamekushauri uchukue kiyoyozi cha BTU 24,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa mashine kuhamisha joto) ili kifukuze joto upesi, na kwamba kile cha sebuleni huongezewa gesi kila baada ya miezi sita. Nimefanya kazi ya majokofu na viyoyozi kwa muda mrefu, kwanza Mombasa na sasa Arua, na nitakujibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono, makosa yangu yakiwemo.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachota joto lililomo chumbani na kulimwaga nje, kama mvuvi anayechota maji katika mtumbwi unaovuja. Mashine ya BTU 12,000 huhamisha joto la kilowati 3.5 hivi, nayo yenyewe hula umeme wa kilowati 1 hivi. Ukiweka rimoti kwenye nyuzi 16, mashine ya kawaida haichoti kwa kasi zaidi kuliko ukiiweka kwenye 25. Ulichobadilisha ni nyuzi ambapo mashine itasimama tu, na kwa kuwa chumba cha Gulu mwezi wa Februari huenda kisifike 16 hata kidogo, kompresa, yaani pampu inayozungusha gesi, haitapumzika na yuniti zako za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zitayeyuka usiku kucha. Weka 25 au 26, uwashe na feni. Feni haipozi chumba, inampoza mtu, lakini mtu ndiye anayetaka kulala.

Kuhusu ukubwa, kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe. Mombasa nilimfungia mteja BTU 24,000 katika chumba kisichozidi chako, nikijiona nimemtendea wema. Mashine ilikuwa ikiwaka dakika chache, inafika kwenye nyuzi ilizoambiwa, inazima, kisha inawaka tena, na kwa kuwa haikukaa ikifanya kazi muda wa kutosha kuukamua unyevu, chumba kikawa cha baridi na majimaji, mashuka yakishikika kama yaliyoanuliwa kabla ya kukauka. Kwa chumba chako, BTU 12,000 zinatosha, mradi kuna dari.

Nasema mradi kuna dari kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapopoteza fedha. Hapa Arua niliitwa kwa mzee mmoja aliyesadiki kwamba ameuziwa mashine bandia, kwani ilinguruma tangu saa sita mchana hadi saa kumi na moja jioni bila kushusha joto chini ya nyuzi 28. Nilipoinua macho nikaona mabati matupu, na chini ya bati hapo saa nane mchana ungeweza kuhisi joto likikushukia usoni kama umeinamia jiko. Mtumbwi ulikuwa unavuja kuliko mvuvi anavyoweza kuchota. Aliweka dari, akaziba mwanya uliokuwa kati ya ukuta na paa, na mashine ile ile ikaanza kuzima yenyewe ifikapo 25. Kwa walioko Kampala, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi ambako usiku hupoa wenyewe, mara nyingi dari na wavu wa mbu dirishani vingemaliza kazi bila kiyoyozi chochote.

Kuna na neno inveta, ambalo hapa kwetu linaleta mkanganyiko wa pekee, kwa kuwa tumezoea kuita inveta kile kisanduku cha sola kinachowasha taa umeme ukikatika. Kiyoyozi cha inveta hakina betri. Maana yake ni kwamba kompresa inaweza kupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, na kwa hiyo hula umeme pungufu kuliko cha kawaida kikiachwa kifanye kazi kwa saa nyingi. Umeme ukikatika, kinazima kama chochote kingine. Wala kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya kutoka nje. Huzungusha ile ile ya chumbani, hivyo fungua dirisha asubuhi. Na usishtuke mrija unaotoa maji ya kiyoyozi ukikauka Januari: upepo wa kiangazi hauna unyevu mwingi wa kukamuliwa.

Sasa hiyo gesi ya miezi sita. Gesi si petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikigeuka kimiminika na kurudi kuwa mvuke, wala hailiki ikaisha. Ikipungua, imevuja. Na wakati mwingine haijapungua hata kidogo: chujio likiziba kwa vumbi, hewa haipiti vya kutosha kwenye koili, yale mabomba ya ndani yanayopokea joto la chumba, koili inaganda barafu, ubaridi unapotea, na fundi mwenye haraka anatangaza kwamba gesi imekwisha. Kwa hiyo anza na chujio. Lichomoe, na ukilikuta limevaa vumbi jekundu nene kama blanketi, lioshe kwa maji, likaushe kivulini, ulirudishe, kisha usubiri siku mbili uone.

Kama ubaridi haujarudi, toka nje utazame nati mbili pale mabomba ya shaba yanapoungana na mashine. Gesi inapovuja hutoka na mafuta ya kompresa, na mafuta hushika vumbi, kwa hiyo tafuta doa jeusi lenye kunata kuzunguka nati. Paka povu la sabuni hapo mashine ikiwa imezimwa. Povu likianza kutoa vipovu, hata kimoja kimoja, mwambie fundi aikusanye gesi, akate ncha ya bomba, aupanue mdomo wake upya, anyonye hewa yote kwa pampu, ndipo apime gesi kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Fundi asiyekuja na pampu wala mizani, mpe chai aende zake.