Muulize Fundi: Lifti inanyanyua plau, lakini haiishiki

SWALI

Shikamoo fundi. Nina trekta aina ya Massey Ferguson 135 niliyoachiwa na baba, ambayo zamani ilikuwa ya shamba la mkonge. Nalimia mahindi na kusafishia shamba la michungwa hapa Mkuzi, Muheza. Asubuhi lifti inafanya kazi vizuri. Trekta ikishapata moto, plau inaanza kucheza juu chini, na nikikanyaga klachi inashuka mpaka chini. Fundi mmoja kaniambia pampu ya haidroliki imekwisha, ninunue nyingine. Bei yake nitauza mbuzi wote. Nifanyeje?

Mkulima, Mkuzi

JIBU

Marahaba mwanangu. Waache mbuzi zizini kwanza. Pampu iliyochoka inashindwa kunyanyua, au inanyanyua kwa kujivuta. Yako inanyanyua, kinachoishinda lifti yako ni kushika. Hilo ni vujo, na mavujo mengi ya 135 yanatibika kwa ringi za pistoni na oringi, yaani pete za mpira za kuzibia oili.

Pampu ya trekta hii iko ndani ya tumbo lake, imezama kwenye oili ileile ya giaboksi na difu, na inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini nyuma ya trekta. Katika mtambo huu uliobuniwa na Harry Ferguson, valvu inayoongoza lifti inafunga upande wa oili kuingia. Plau ikifika kimo ulichotaka, njia hiyo inafungwa, pampu inazunguka bila kusukuma kitu, na oili iliyobaki kwenye silinda ya juu ndiyo inayobeba mzigo. Ikivuja, mikono ya lifti inashuka kidogo, valvu inafunguka yenyewe, pampu inaongeza, mikono inapanda tena. Ndiko huko kucheza unakokuona. Ukikanyaga klachi mpaka mwisho pampu inasimama, hakuna tena wa kuongeza. Asubuhi oili ni nzito, haipenyi upesi. Ikipata moto inakuwa nyepesi kama maji na kila upenyo unaonekana.

Sasa tafuta upenyo wenyewe. Ubavuni kulia kuna kifuniko chenye kijiti cha kupimia oili. Punguza oili iwe chini ya kifuniko hicho, kifungue, washa injini kwa silensa, yaani mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta, nyanyua plau, zima. Injini ikishasimama kabisa ndipo umulike kwa tochi. Ndani mle inapita shafti, kwa hiyo mkono, kanga au mkono wa shati visisogee injini ikiwa inawaka. Wala mtu asipite chini ya plau, hata kama ni kuokota spana tu. Nakuomba sana hilo.

Oili ikitiririka mdomoni mwa silinda, ringi ya pistoni imekwisha. Ikitoka kwenye bomba la wima linalopandisha oili kutoka kwenye pampu, ni oringi zake, na hiyo ndiyo nafuu kuliko zote. Kama huko juu ni kukavu na plau bado inashuka, hapo ndipo tuitazame pampu na valvu zake, na maneno ya yule fundi yatakuwa na uzito.

Ikibidi kufungua kifuniko kikubwa cha juu, teremsha plau kwanza, kisha toa bamba dogo la juu na uvute lile bomba la wima litoke. Usipolitoa utalipinda. Kifuniko ni kizito, tafuta chenibloku (mnyororo wa kunyanyulia vizito) au vijana wenye mikono. Wakati wa kurudisha, hakikisha wenzo wa pampu umekaa mahali pake kwenye rola za kifuniko. Ukikosea, lifti haitakutii.

Pitisha kidole ndani ya silinda. Ikiwa na mashimo ya kutu, ringi mpya haitadumu, badilisha na silinda. Kutu hiyo huletwa na maji, na kwenye trekta zinazolala nje wakati wa masika maji huingilia mara nyingi kwenye raba iliyochanika chini ya mkono wa gia. Oili yako ikiwa nyeupe kama tui, jua yameshaingia: mwaga yote, osha chujio la waya la pampu kwa dizeli, badilisha ile raba. Andaa madebe mawili, maana tumbo hilo linabeba karibu lita 30.

Oringi nunua za kuhimili oili. Kuna wanaokata mpira wa tyubu. Mpira huo unavimba ndani ya oili na kulainika, na kazi yote hiyo utairudia.

Ukimaliza, endesha mpaka trekta ipate moto kabisa, nyanyua plau, zima injini, pima kwa kijiti kutoka ardhini hadi kwenye diski. Ukirudi baada ya kunywa chai na plau ikawa pale pale, kalime.