Miostatini na bango la kitambi

Swali: Mimi ni mwalimu wa baiolojia, naandaa somo kwa Kiswahili. Je, ni sahihi kuandika "miostatini ni protini inayothibiti ukuaji wa misuli"? Na jina hilo tulitafsiri?

Jibu: Jina liache. Ni Kigiriki cha kuunga: mwanzo ni msuli, mwisho ni kusimamisha. Ngeli yake ni i-/zi-, yamekwisha.

Ila hiyo "inayothibiti", mwalimu, umenitonesha kidonda. Jirani na kwangu kuna ukumbi wa mazoezi wenye bango la herufi nyekundu: THIBITI UZITO WAKO. Mwaka wa tatu huu nalipita nikisaga meno. Kuthibiti ni kuwa imara, kuwa na hakika. Kudhibiti ni kukamata barabara, kutia mkononi. Kwa Kiarabu ni mizizi miwili isiyojuana. Tena thibiti haichukui yambwa, yaani kile kinachotendwa; ukitaka yambwa, sema thibitisha. Mwenye kitambi akilitii bango lile, basi kitambi kitakaa pale pale, imara, kimethibiti! Na akithibitisha uzito wake, atapanda mizani, asome kilo mia na kumi, arudi nyumbani akale chapati. Kazi ameimaliza.

Miostatini inadhibiti. Inauambia msuli: hapo panatosha. Watazame ng'ombe wa Ubelgiji waitwao Belgian Blue. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba jeni yao ya miostatini ina hitilafu, protini haifanyi kazi, ndiyo maana mnyama anatuna mapaja kama magunia ya mkaa, na ndama wengi hutolewa kwa upasuaji. Kwa hiyo watafiti wamethibitisha kwamba misuli ile imekosa wa kuidhibiti. Umeona? Sentensi moja, maneno mawili, kila moja na kiti chake.

Wanaotamka "kuzibiti" nimewasamehe zamani. Dh inawashinda wengi, na marehemu bibi yangu alikuwa mmoja wao. Kwenye maandishi simsamehe mtu. Tanzania ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Muite Mthibiti, uone hesabu zitakavyokuwa.

Andika "inayodhibiti", mwalimu, na wanafunzi wako waandike hivyo hivyo.

Lile bango nilikwenda kulilalamikia. Kijana wa mapokezi alinisikiliza kwa adabu zote, na juzi wamelipaka rangi upya. Sasa linasomeka SIBITI.