Jua la siku ya nne: maswali yenu kuhusu Mwanzo

Mwalimu wa Historia anatufundisha Zinjanthropus, katekista anasema Adamu aliumbwa kwa mavumbi. Kwenye mtihani nijibu nini? (Mwanafunzi, Karatu)

Jibu ulichofundishwa darasani, mwanangu, hujamkana Mungu. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale aliyefanana na binadamu, alilolikuta mtafiti Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959 lipo, na udongo wa volkano uliolifunika umepimwa: zaidi ya miaka milioni 1.7. (Si babu yetu, lakini, wataalamu wanamweka kwenye tawi la pembeni.) Mavumbi ya katekista nayo usiyatupe. Kwa Kiebrania *adam* ni mtu, *adama* ni udongo. Mwandishi anacheza na maneno ili ujue asili yako ni ya chini, haandiki somo la baiolojia.

Jua liliumbwa siku ya nne. Siku tatu za kwanza zilihesabiwaje?

Swali zuri, na la zamani. Origen, mwanateolojia wa Kanisa la kale, aliliuliza katika karne ya 3, Darwin hajazaliwa, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba ni uasi wa kisasa.

Soma Mwanzo 1, aya ya 16, polepole. Jua na mwezi havitajwi kwa majina. Ni "mwanga mkubwa" na "mwanga mdogo" tu. Babeli na Misri waliviabudu. Mwandishi wa Mwanzo anavifanya taa, tena anavichelewesha hadi katikati ya juma! Halafu tazama mpangilio: siku ya 1 nuru, ya 4 mianga, ya 2 anga na maji, ya 5 ndege na samaki, ya 3 nchi kavu, ya 6 wanyama na watu. Nyumba kwanza, wapangaji baadaye. Ukimlazimisha mtu huyu akupe kalenda, unamnyang'anya hoja yake.

Petro anasema kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu. Hiyo si inamaliza ubishi?

Siku sita zitakupa miaka elfu sita. Dunia ina takriban bilioni 4.5. Petro alikuwa anaeleza uvumilivu wa Mungu, tumwache.

Mlipuko Mkuu si ndiyo "Iwe nuru"?

Mwasisi wa wazo hilo, kwamba ulimwengu ulianza mdogo na mzito mno kisha ukapanuka, Georges Lemaître, alikuwa padri wa Ubelgiji. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipolisogeza karibu mno na uumbaji, padri mwenyewe hakupendezwa.

Kaini alimwoa nani?

Mwanzo 5:4 inataja binti za Adamu. Ila katika 4:14 Kaini tayari anaogopa watu wa kumwua. Mwandishi hakujishughulisha kueleza walikotoka, nami sitamjazia.