Wasomaji Wanauliza: Uzi wa fuwele wenye vinundu

SWALI: Shikamooni wataalamu. Tunakuza uzi wa fuwele moja ya YAG (ganeti ya itriamu na alumini inayotengenezwa na binadamu) wenye iterbiamu, metali inayochanganywa kidogo humo, asilimia 1, tukiyeyusha kwa leza ya kabonidioksaidi. Kijiti cha kulishia ni cha mraba, mm 1 kwa mm 1, na uzi tunautaka wa kipenyo cha mm 0.5. Unatoka na vinundu kama shanga. Tubadilishe leza? – Mwanafunzi, Tengeru, Arusha

JIBU: Marahaba. Leza iacheni kwanza, pimeni umbali kati ya kinundu na kinundu.

Kijiti kinapanda, ncha yake inayeyuka kwenye nyuzijoto 1,950 hivi, mbegu (kipande cha fuwele cha kuanzishia) inagusa tone kisha inavutwa juu. Kinachoingia kwenye tone lazima kitoke. Uzi wa mm 0.5 una eneo la mm za mraba 0.196, kwa hiyo mkivuta mm 2 kwa dakika, kijiti kipandishwe mm 0.39 kwa dakika. Ila kijiti ni cha kauri, yaani unga uliookwa, nayo ina vitundu vya hewa: ikiwa imeshiba asilimia 90 tu, kipandisheni kwa mm 0.44, la sivyo uzi wote utakuwa mwembamba kuliko mlivyopiga hesabu.

Sasa vinundu. Skrubu ya kupandisha kijiti yenye hatua ya mm 1 (mwendo wake kwa kila mzunguko) ikiwa na kasoro, huacha kinundu kila mm 4.5 ya uzi (2 gawanya kwa 0.44). Skrubu ya kuvutia uzi ya hatua hiyohiyo huacha kila mm 1. Visipokuwa na mpangilio, hapo ndipo mshuku leza au upepo: iwasheni nusu saa kabla ya kazi, na tone mlikinge kwa kasha. Miwani ya akriliki msisahau. Mwanga wa leza hii hauonekani kwa macho, ila unaunguza.

SWALI: Unga wa YAG wa kuoka kijiti, gramu 10, tuuchanganyeje? Uzi wetu una michirizi myeupe. – Msomaji, Moshi

JIBU: Kwa iterbiamu asilimia 1: oksaidi ya itriamu g 5.625, ya iterbiamu g 0.099, ya alumini g 4.276. Michirizi tunaidhania ni alumini iliyozidi. Oksaidi ya itriamu hunyonya unyevu na hewa ya ukaa, hasa masika, nanyi mkapima maji mkidhani ni itriamu. Ichomeni kwa nyuzijoto 1,000 saa kadhaa, ipoe kwenye chombo kikavu kilichofungwa, ipimwe papo hapo.

Mkihamia neodimiamu badala ya iterbiamu, jueni kwamba fuwele huikataa: uzi wa mwanzo hupata kama moja ya tano tu ya iliyomo kwenye tone, hadi tone lilimbikize ya kutosha. Kwa vipimo vya hapo juu, kateni sm 4 za mwanzo. Iterbiamu haina usumbufu huo.

SWALI: Mimi ni fundi wa kukata vito. YAG nayo ni ganeti. Je, green garnet, kile kito cha kijani cha Komolo, haiwezi kukuziwa uzi? – Ngarenaro, Arusha

JIBU: Haifai. Ile ina kalsiamu na silika, na ukiipasha moto hugawanyika kuwa madini mengine badala ya kuyeyuka ikabaki ganeti. Msumeno wako ndio wa maana: kauri iliyookwa nyuzijoto 1,600 hugandishwa kwa gundi juu ya kioo, ikakatwa vijiti vya mm 1 kwa kisu cha almasi chembamba, maji yakitiririka. Kata taratibu. Pembe ikimeguka, tone huyumba likifika hapo.