Pingili ya shingo haihami kwa kulala vibaya

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa. Huu mwezi wa tatu shingo inanikaza upande wa kulia, maumivu yanashuka mpaka begani lakini hayafiki mkononi, na sina ganzi. Sikuanguka wala sikupata ajali. Nimekanda kwa maji ya moto, nimechua kwa dawa, nimebadilisha mito mpaka nimechoka. Jamaa mmoja anayefanya masaji aliniambia kuna pingili imehama, na sasa kila wiki ananivunja shingo. Ikishalia "ka!" napata nafuu siku mbili, kisha yanarudi yale yale. Siku hizi nimejua kujivunja mwenyewe kila asubuhi. Je, nitumie moto au barafu? Na hiyo pingili nifanye nini ili ikisharudi isihame tena?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na lile jepesi. Moto au barafu, tumia kile kinachokupa nafuu. Wengi wenye shingo iliyokaza kwa muda mrefu kama wewe hupendelea moto. Kitambaa au chupa ya moto wa kuvumilika, dakika 15 hadi 20, basi. Usipitiwe na usingizi nayo shingoni. Ukitaka barafu, ifunge kwenye taulo kwanza. Mwenye kisukari au ngozi iliyopungukiwa hisia awe mwangalifu zaidi, kwa sababu anaweza kuungua asijue. Na usiweke moto juu ya ngozi uliyotoka kuichua kwa dawa kali, utababuka. Mto nao hauna siri: ukilala ubavu, kichwa kisining'inie wala kisinyanyuliwe sana, basi mto huo unakutosha hata kama ni wa zamani. Usilale kifudifudi.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya nikujibu, maana halipiti juma bila mtu kuniletea pingili "iliyohama".

Pingili yako haijahama. Si kawaida yangu kusema jambo kabla ya kumpima mtu, lakini hili nalisema kwa maelezo uliyonipa mwenyewe. Shingo ina pingili saba. Kati yake kuna diski, yaani mito laini inayotenganisha mfupa na mfupa, nyuma kuna maungio madogo pande zote mbili, na zote zimefungwa kwa kano ngumu na kuzungukwa na matabaka ya misuli. Katikati yake umepita ugwe mgongo, unaopeleka habari kutoka kwenye ubongo mpaka mikononi na miguuni. Pingili kuchomoka mahali pake ni jeraha la ajali ya gari, la kuanguka kutoka juu, la kupiga mbizi kwenye maji ya kina kifupi. Mtu wa namna hiyo analetwa hospitali amelazwa kwenye ubao, kichwa kimefungwa kisicheze, na hatembei kwa miguu yake kwenda kufanyiwa masaji. Sasa fikiri: kama kweli pingili imehama, kuizungusha kwa nguvu ni hatari ya kumpoozesha mtu. Na kama haijahama, huyo jamaa anarudisha nini?

Ziko pingili zinazosogea milimita chache kwa uzee, au kwa ugonjwa wa baridi yabisi unaolegeza kano za juu ya shingo. Hizo huonekana kwenye picha, na wenye nazo ndio hasa wasiopaswa kuzungushwa shingo na mtu yeyote.

Na yeye aliijuaje kwamba imehama? Kwa kidole gumba. Kidole gumba kinaweza kugundua msuli uliokaza na mahali panapouma pakibonyezwa, na hayo yana maana yake. Lakini ncha za pingili unazozigusa nyuma ya shingo hazilingani tangu kuumbwa. Nyingi zimegawanyika mara mbili mwishoni, na mara nyingi upande mmoja ni mrefu kuliko wa pili. Ukipapasa shingo ya mtu mzima kabisa, asiyeumwa popote, utakuta ncha imeelekea kushoto au kulia. Mganga wa mtaani anapopata upande huo umejitokeza, tayari ana habari ya kukuuzia, na wewe uliyelala kifudifudi huwezi kubishana naye.

Ule mlio ndio unaoifanya habari hiyo iaminike. Mtu akisikia "ka!" anadhani kitu kimeingia mahali pake. Kinachotokea ni hiki: maungio yamejaa ute, na yanapovutwa ghafla, msukumo ndani yake hushuka na gesi hujitenga na ute ikafanya uwazi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivuta vidole vya mkono ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, na kuona uwazi huo ukijitokeza papo hapo mlio unapolia. Hakuna mfupa uliorudi popote. Ndiyo maana kiungo kilekile hakilii tena mara moja. Husubiri kama dakika 20 hivi mpaka gesi irudi ndani ya ute. Pingili inayohama na kurudi isingekuwa na saa.

Nafuu yako lakini si ya kubuni, na sitaki nikuambie unajidanganya. Kiungo kikivutwa ghafla, neva zake hupeleka habari nyingi kwa pamoja, misuli inayokilinda hulegea kwa muda, na maumivu hupungua. Saa chache, siku moja, siku mbili. Kisha misuli ile ile dhaifu hurudi kwenye kiti kile kile kwa saa nane, na kukaza kunarudi. Jamaa anakuambia pingili imehama tena, njoo wiki ijayo. Ni biashara isiyokauka.

Kuhusu kujivunja mwenyewe, hapo ndipo ninapokosa subira. Unaposhika kidevu na kukisokota huchagui kiungo gani kilie. Mara nyingi hulia kile kinachocheza kwa urahisi, huku kile kilichokaza kikibaki kama kilivyokuwa. Unaongeza ulegevu palipokwisha legea. Na kwa kuwa nafuu yake ni fupi, mkono unarudi shingoni tena kabla hata ya saa sita mchana; nawaona watu wanaofanya hivyo wakiwa wamekaa mbele yangu, katikati ya mazungumzo, bila kujijua. Iache. Siku za mwanzo utahisi shingo inadai, kisha itanyamaza.

Watu wakinisikia hivi hudhani napinga kila mkono unaogusa shingo. Mimi mwenyewe kazi yangu ni ya mikono. Masaji ya taratibu hulegeza misuli, na mtaalamu aliyesomea anaweza kuchezesha maungio polepole, kwa mwendo ambao wewe unaweza kuusimamisha wakati wowote. Hata kule kuvunja shingo, kukifanywa na aliyesoma na kukupima, kumewahi kupimwa kisayansi. Mwaka 2012 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani wa watu 272 wenye maumivu ya shingo ya wiki 2 hadi 12. Kundi moja lilipata tiba hiyo ya mikono, la pili dawa, la tatu lilifundishwa mazoezi mepesi ya nyumbani kwa vikao viwili tu. Tiba ya mikono iliishinda dawa. Lakini waliofundishwa mazoezi hawakupishana sana na waliopata tiba ya mikono, baada ya wiki 12 na hata baada ya mwaka. Vikao viwili, halafu mtu anajitegemea! Huyo wako amekwisha kukufanyia vingapi?

Basi fanya hivi. Lala chali, taulo nyembamba iliyokunjwa chini ya kichwa. Itikia "ndiyo" kwa kidevu, taratibu na kidogo sana, kisogo kikiwa bado kimelala kwenye taulo. Shikilia sekunde 10 huku ukipumua, legeza, rudia mpaka mara 10. Weka vidole mbele ya shingo: ile misuli miwili mikubwa ya pembeni isitutumke kama kamba. Ikitutumka, unatumia nguvu nyingi mno, punguza mwendo. Tunachokitafuta ni misuli midogo ya ndani, iliyo karibu na pingili, ambayo kwa watu wenye maumivu ya muda mrefu huwa imelala. Wengi hucheka wakionyeshwa, kwa jinsi linavyoonekana si zoezi, halafu kwenye mara ya sita kidevu kinaanza kutetemeka.

La pili, ukiwa umekaa, weka kiganja juu ya sikio la kulia, sukuma kichwa kwenye kiganja na kiganja kikatae, kichwa kisisogee hata kidogo. Sekunde 5 hadi 10, mara tano, kisha upande wa pili, kisha paji la uso, kisha kisogo. Nguvu iwe ya wastani.

La tatu ni mabega, maana msuli mkubwa unaokuuma umeshika shingo na bega kwa pamoja. Kanyaga katikati ya mpira wa mazoezi, ule mrefu wa kuvutika kama mkanda, shika ncha zake, inua mikono pembeni mpaka usawa wa mabega, shusha polepole. Utafiti wa Denmaki uliochapishwa mwaka 2011 uliwapa zoezi la aina hii watu wazima 198 wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega. Wengine walifanya dakika 2 kwa siku, wengine dakika 12, siku tano za wiki, kwa wiki 10. Hata wale wa dakika 2 maumivu yao yalipungua kuliko wasiofanya. Wiki ya kwanza misuli itauma uchovu, hiyo haidhuru. Maumivu yakishuka mkononi au ukipata ganzi, simama.

Na inuka kwenye hicho kiti kila baada ya nusu saa. Hakuna mkao mzuri wa kukaa nao saa nane.

Kola ya shingo usinunue, hukuuliza lakini najua itafuata. Ikivaliwa wiki kadhaa hudhoofisha misuli hiyo hiyo tunayotaka kuiamsha. Wala usikimbilie picha ili "kuthibitisha". Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha picha za MRI za shingo za watu 1,211 wasio na dalili yoyote, na asilimia 87.6 walikuwa na diski zilizotokeza. Ukipiga picha leo kuna uwezekano mkubwa utapewa jina la kutisha la kitu ulichokuwa nacho hata kabla ya kuumwa, na jamaa wa masaji atalifurahia kuliko wewe.

Sasa nimalizie kwa wote wanaosoma na wanaopenda zile video za watu kuzungushwa shingo huku kipaza sauti kimewekwa karibu ili mlio usikike vizuri. Kuna ateri mbili, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, zinazopanda ndani ya matundu ya pingili zenyewe, kuanzia ya sita kwenda juu, na zinapofika pingili ya kwanza hupinda kwa nyuma kabla ya kuingia kwenye fuvu. Karibu nusu ya mzunguko wote wa kichwa hutokea hapo hapo juu, kati ya pingili ya kwanza na ya pili. Ukuta wa ndani wa ateri ukichanika, damu huganda, na kipande kikipanda kwenye ubongo ni kiharusi, hata kwa kijana. Ni jambo la nadra, na American Heart Association, chama cha Marekani cha magonjwa ya moyo na kiharusi, katika tamko lake la 2014 ilisema haijathibitika kwamba kuvunja shingo ndicho chanzo; lakini uhusiano umeonekana, na ikataka mgonjwa aambiwe kabla hajaguswa. Wewe uliambiwa?

Halafu kuna mtego mwingine. Kuchanika kwa ateri kwenyewe huanza kwa maumivu ya shingo ya upande mmoja, makali, mapya, mara nyingi pamoja na kichwa kuuma kuliko ulivyowahi kuumwa. Mwenye tatizo hilo anaweza kudhani amelala vibaya, akaenda kuzungushwa. Aliyesomea huuliza maswali kwanza: umeanguka? una homa? umekonda bila sababu? uliwahi kuugua saratani au kifua kikuu? mikono imekuwa mizito kufunga vifungo? unayumba ukitembea? mkojo au choo unakiweza? Homa na shingo isiyoinama mbele ni ya hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Maumivu ya shingo au taya yanayokuja na kifua kubana na jasho ni ya moyo mpaka ithibitike vingine. Anayeanza kukusokota bila kuuliza hata moja kati ya hayo, inuka uondoke, hata kama umekwisha kulipa.

Na ikiwa shingo imekwisha kuzungushwa, iwe leo au siku chache zilizopita, kisha mtu akapata kizunguzungu kisichoisha, akaona vitu viwili viwili, ulimi ukawa mzito, akashindwa kumeza, uso au upande mmoja wa mwili ukafa ganzi, au akayumba, asirudi kwa aliyemvunja "arekebishe". Apelekwe hospitali yenye kutibu kiharusi. Wanaompeleka waseme wazi kwamba shingo ilizungushwa, lini, na dalili zilianza saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kwa mgonjwa kijana daktari wa zamu anaweza asiwaze kiharusi kwanza asipoambiwa.