Maswali ya Wasomaji: Mpiga Picha Katika Mahali Pageni

Barua zilizonifikia safari hii zinahusu kazi ya kupiga picha safarini. Nimechagua chache ambazo, kila moja kwa namna yake, zinauliza mtu anayefika ugenini na kamera afanye nini ili arudi na picha zenye uzito. Maswali nimeyafupisha, ila maana yake nimeiacha ilivyo.

SWALI: Ndugu mwandishi, nimesafiri na kamera kwa muda mrefu, lakini siku hizi nikifika mahali papya najikuta nikipiga picha ambazo nimekwisha kuziona kwa wengine. Msukumo umenikauka. Nifanyeje?

JIBU: Hali hiyo huwapata wengi wanaoifanya kazi hii kwa bidii, na kwa maoni yangu chanzo chake kikubwa ni haraka. Siku ya kwanza ugenini mtu hupiga picha alizokuja nazo kichwani: mnara unaoonekana kwenye kila kadi ya posta, mlima kutoka palepale wanaposimama watalii wote, uso wa mzee wenye makunyanzi. Sikushauri ujizuie kuzipiga, kwa sababu zisipopigwa zitaendelea kukuziba macho. Zipige asubuhi moja zikutoke, kisha uanze kazi. Kazi yenyewe huanza siku ya tatu au ya nne, pale mgeni anapokuwa amejua jua hupita upande gani wa uchochoro, mafundi hufungua milango yao saa ngapi, na ni nani hukatiza uwanja kila siku kwa wakati uleule.

Mimi nikifika mahali, matembezi ya kwanza huyafanya bila kamera. Natafuta pa kusimama, yaani kona yenye mwanga mzuri na mandhari iliyokwisha kujipanga yenyewe, halafu narudi pale kwa saa mbalimbali, alfajiri, adhuhuri na magharibi, nione ni nini kinachobadilika. Mara nyingi ziara ya kwanza haileti kitu, na ya pili pia. Lakini mtu anayerudi huanza kutarajia, na anayetarajia huona jambo kabla halijatokea.

Henri Cartier-Bresson, mpiga picha Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1908, husifiwa kwa kunasa tukio la ghafla, na wengi wanaomfuata hudhani siri yake ilikuwa wepesi wa kidole. Tazama picha aliyoipiga Hyères, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1932: ngazi zinashuka kwa kujizungusha kuelekea barabarani, na mwendesha baiskeli anapita chini yake. Mwendesha baiskeli alionekana kwa nukta moja tu, lakini ngazi, ukingo na mkunjo wa barabara vilikuwapo tangu awali. Ninavyoisoma mimi picha ile, kazi kubwa ilifanyika kabla baiskeli haijatokea, pale mpiga picha alipochagua pa kusimama.

Kuna jambo jingine katika barua yako: unaonekana kuogopa kazi za wengine, kana kwamba kuzitazama ndiko kulikokunyang'anya macho yako. Cartier-Bresson, aliyesomea uchoraji kwanza, alieleza waziwazi kwamba kilichomsukuma kushika kamera kwa dhati ni picha moja iliyopigwa na mpiga picha Martin Munkácsi, inayoonyesha vijana watatu wa Kiafrika wakikimbilia mawimbi. Ilikuwa picha moja, akaitazama ikamkaa. Kinachochosha macho ni kupitisha mamia ya picha kwenye simu bila kukaa na hata moja. Chagua moja unayoipenda, ukae nayo jioni nzima, ujiulize mpigaji alisimama wapi, mwanga ulitoka upande gani, na alikiacha nini nje ya fremu. Utatoka hapo ukiwa na njaa ya kufanya kazi.

SWALI: Mimi sina uwezo wa kusafiri, na kila ninapouona utukufu wa milima na majangwa katika magazeti nahisi nimeachwa nyuma. Je, ninaweza kuwa mpiga picha wa maana nikiwa mahali pamoja?

JIBU: Unaweza, na ushahidi upo. Josef Sudek, aliyepoteza mkono wake wa kulia kutokana na jeraha la Vita vya Kwanza vya Dunia, alianza mwaka 1940 kupiga picha za dirisha la studio yake mjini Prague, wakati mji huo ukiwa chini ya utawala wa Wajerumani, akaendelea hadi mwaka 1954. Dirisha lilikuwa lilelile, ila kioo chake siku moja kilijaa umande, siku nyingine barafu, siku nyingine matone ya mvua, na nyuma yake mti uliopinda ukibadilika kwa majira. Alfred Stieglitz naye, kuanzia mwaka 1922, alielekeza kamera yake mawinguni na kutengeneza mfululizo mkubwa wa picha ambazo hazihitaji jina la mahali popote.

Safari humpa mpiga picha kitu kimoja ambacho nyumbani hupatikana kwa shida, nacho ni ugeni wa macho. Lakini mkaaji ana muda, ana majira yote, na anawajua watu kwa majina, mambo ambayo sisi wasafiri huyatafuta kwa taabu na kuyapata nusunusu. Kama ningelazimika kuchagua kati ya wiki moja katika jangwa maarufu na mwaka mzima mbele ya mlango wa karakana moja, ningechagua mlango.

SWALI: Watu wanaovutia zaidi ni wale wasiojua kwamba wanapigwa picha. Nikiomba ruhusa, uso unabadilika na picha inakufa. Nisipoomba, moyo unanisuta. Ukweli uko wapi?

JIBU: Swali hili ndilo zito kuliko yote, na nitalijibu kwa kisa kinachojulikana. Mwezi Machi 1936 Dorothea Lange, aliyekuwa akiifanyia kazi idara ya serikali ya Marekani, alipita kwa gari karibu na kambi ya wachumaji wa njegere huko Nipomo, California. Alikwisha kwenda mbele yapata kilomita 30 ndipo akageuza gari na kurudi. Alimkuta mama ameketi na watoto wake chini ya hema, akapiga picha chache kwa muda mfupi, akaondoka bila kumuuliza jina. Picha moja kati ya hizo imekuwa miongoni mwa zinazojulikana zaidi duniani. Ilipochapishwa magazetini chakula kilipelekwa kambini, lakini mama yule alikuwa amekwisha kuhama na watoto wake. Jina lake, Florence Owens Thompson, lilijulikana hadharani mwaka 1978, na ikadhihirika kwamba alikuwa ameishi na uchungu wa kuonekana na dunia nzima kama sura ya umaskini bila kupata chochote. Lange naye hakutajirika kwa picha ile, kwa kuwa ilikuwa mali ya serikali, na nia yake ya kuwasaidia watu wa kambini siitilii shaka.

Ninachokiona katika kisa hiki ni kwamba nia njema na picha kubwa havikutosha kumlinda mtu aliyepigwa. Kuuliza jina kungechukua dakika moja. Kumweleza picha inakwenda wapi kungechukua dakika mbili zaidi. Ndiyo maana kwangu jina ni sehemu ya picha, na ninapokuwa katika hali ambayo siwezi kuliuliza, kwa mfano katika umati barabarani, najiuliza kama mtu huyu akiiona picha hii kesho atajitambua kwa heshima au kwa aibu. Jibu likiwa aibu, naiacha.

Kuhusu uso unaobadilika, uchunguzi wako ni sahihi. Mtu akikubali kupigwa picha hujipanga, hunyoosha mgongo, huvaa uso wa rasmi. Ipige picha hiyo pia, maana ndiyo anayoitaka yeye, kisha usiondoke. Weka kamera chini, zungumzeni, mwache arudie kazi aliyokuwa akiifanya. Baada ya robo saa atakuwa amekusahau, na utakuwa na ruhusa pamoja na uso wa kawaida, vyote viwili. Wasiokuwa na robo saa hiyo ndio wanaodhani kwamba kuomba ruhusa kunaua picha. Kwa watoto, ruhusa itoke kwa mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe akigeuza uso hilo nalo ni jibu. Ukimwahidi mtu nakala, ifikishe. Mahali ambapo wapiga picha waliotangulia waliahidi wakatoweka, wewe unayewafuata utakuta milango imefungwa, na wenye milango wana haki.

SWALI: Ni saa gani bora ya kupiga picha? Vitabu vinasema ni saa moja baada ya jua kuchomoza na saa moja kabla halijatua.

JIBU: Kanuni hiyo ni nzuri ila inategemea uko wapi duniani, na wengi wameipokea bila kujua hivyo. Jua husogea angani kwa takriban nyuzi 15 kila saa. Karibu na Ikweta hushuka likiwa karibu wima, kwa hiyo mwanga wa dhahabu hupita upesi, na baada ya kuchwa, mwanga wa buluu unaofaa kwa picha hudumu dakika 20 na ushei tu, kisha giza. Kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini, jua hushuka kwa mshazari na muda huo hurefuka. Huko Tromsø, kaskazini mwa Norwei, kuna majuma ya Juni na Julai ambapo jua halitui kabisa, na mpiga picha hufanya kazi usiku wa manane katika mwanga ambao mwenzake wa Ikweta huupata kwa dakika chache. Kwa hiyo aliye karibu na Ikweta awe amefika, amechagua pa kusimama na ameandaa kamera kabla mwanga haujaanza kubadilika. Akianza kutafuta kona wakati anga limekwisha kuwa jekundu, amechelewa.

Adhuhuri nayo nisingeitupa. Ingia vivulini, tafuta ukuta mweupe unaorudisha mwanga kwenye nyuso, au fanya kazi ndani ya nyumba karibu na mlango. Baadhi ya mwanga laini kuliko wote niliowahi kuupata ni wa saa sita mchana, ndani ya chumba chenye mlango mmoja uliofunguliwa.

SWALI: Je, mtu anaweza kuishi kwa kazi hii?

JIBU: Wachache huishi kwa picha za safari peke yake. Wengi wetu huchanganya: kazi za kutumwa na wahariri au mashirika, kufundisha, kuuza nakala, na kazi nyingine kabisa. Silioni hilo kuwa pungufu, hasa kama kazi hiyo nyingine inakupa kitu cha kujua. Sebastião Salgado, Mbrazili aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2025, alikuwa mchumi akifanya kazi London katika shirika la kimataifa la kahawa kabla ya kuacha na kushika kamera kama kazi mwaka 1973. Alipofika mwaka 1986 katika machimbo ya dhahabu ya Serra Pelada nchini kwao, ambako maelfu ya wanaume walipanda ngazi za miti wakiwa na mifuko ya udongo migongoni, alikuwa mtu aliyeufahamu uchumi unaowasukuma watu kuingia shimoni, na naamini hilo linaonekana katika picha zake. Jifunze jambo moja kwa kina, liwe kilimo, ujenzi, dini au bahari, na kamera itajua pa kwenda.

SWALI: Nakaribia kufanya safari yangu ya kwanza ndefu ya kazi. Nisisahau nini?

JIBU: Betri za akiba za lithiamu beba kwenye mzigo wa mkononi, kwa kuwa mashirika ya ndege hayaruhusu ziwekwe katika mizigo inayokwenda chini ya ndege. Unapotoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto lenye unyevu, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la nje, la sivyo mvuke utageuka matone juu ya lenzi na hata ndani yake. Unyevu ukikaa humo muda mrefu huotesha kuvu ambayo ni shida kuiondoa. Kila usiku nakili picha mahali pawili, na usivibebe viwili hivyo katika begi moja.

Kisha, kabla ya kulala, andika. Vivian Maier, mlezi wa watoto wa Chicago aliyefariki mwaka 2009, aliacha zaidi ya negativu 100,000 na mikanda mingi ambayo haikuwahi kusafishwa. Dunia ilianza kuijua kazi yake baada ya masanduku yake kuuzwa mnadani mwaka 2007, na watafiti wamelazimika kutafuta wenyewe, picha kwa picha, ilikuwa wapi na lini. Andika jina la mtu kama yeye mwenyewe alivyokutajia herufi zake, mahali, tarehe, kilichokuwa kikiendelea, na alichokuruhusu kufanya na picha. Programu za kupangia picha huwezesha maelezo hayo kuingizwa ndani ya faili lenyewe, nayo ndiyo njia ninayoipendelea, kwa sababu picha ikihama huhama na maelezo yake. Mitandao mingi ya kijamii huyafuta picha inapopandishwa, kwa hiyo mhariri umtumie faili halisi, na umwombe jina la aliyepigwa picha lichapishwe pamoja na lako ikiwa mwenyewe ameridhia.